Kisiwa cha Mtu wa Bara

Sababu za kwenda kisiwani zimeandikwa mara nyingi, na karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Wanaahidiwa jua, mchanga mweupe, maji ya samawati na mahali pa kujilaza bila kazi. Ahadi hizo hazina ubaya. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 kutoka nje, wengi wao wa Ulaya, na mtu aliyetoka kwenye miezi ya theluji haulizwi kwa nini analitafuta jua. Lakini mkulima au mwalimu wa Issuna hazimgusi. Kata hii ya Wilaya ya Ikungi, kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida, ina jua la kugawia wengine. Mvua zikishakatika mwishoni mwa masika, nyasi hukauka, malambo hupungua siku kwa siku, na watu hutafuta kivuli. Mtu wa Issuna akitaka kwenda Unguja au Pemba anahitaji sababu zake mwenyewe. Anazo, na baadhi yake ni nzito kuliko zile za mgeni wa Ulaya.

Moja inaonekana kwenye hesabu tu. Kwa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una watu wapatao milioni 2, na Zanzibar nzima karibu milioni 1.9. Watu ni karibu sawa, ila ardhi haikaribiani: mkoa una kilomita za mraba zaidi ya 49,000, visiwa vina kama 2,500. Mtu aliyekulia mahali ambapo ng'ombe hutembezwa kutwa kutafuta malisho, na ambapo kijana akikosa shamba huhamia pori la mbele, atafika Unguja na kukuta nchi isiyo na pori la mbele. Kutoka Nungwi kaskazini hadi Makunduchi kusini ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Shamba, makaburi, hoteli, msitu, skuli na uwanja wa ndege vyote lazima vipatane ndani ya nafasi hiyo hiyo. Migogoro ya ardhi ya bara inaweza kuahirishwa kwa watu kuhama. Ya kisiwani haina pa kukimbilia, na kwa sababu hiyo hutazamika vizuri zaidi.

Tena kisiwa chenyewe hakikuwa kisiwa siku zote. Mkondo unaotenga Unguja na Bagamoyo si wa kina kirefu, sehemu kubwa yake haifiki mita 60. Katika zama za barafu, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda juu ya nchi kavu na bahari imeshuka kwa zaidi ya mita 100, mtu angeweza kwenda Unguja kwa miguu. Walikwenda kweli. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya maisha ya wawindaji wa miaka ipatayo 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama waliowala, wakiwemo pundamilia na nyati. Hao ni wanyama wa mbuga, wale wale ambao mtu wa Singida anawajua kutoka Rungwa na Ruaha. Bahari ilipopanda tena, mbuga ile ikakatwa na kuwa kisiwa, wanyama wakubwa wakatoweka mmoja mmoja, wakabaki wachache kama paa nunga na kima punju, ambaye leo anaonekana kwa ukaribu katika msitu wa Jozani. Pemba ina habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, nayo ilitengana na bara zamani sana, ndiyo maana ina wanyama wachache wa nchi kavu lakini ina ndege wasiopatikana popote pengine duniani, na popo mkubwa wake peke yake. Anayekwenda Unguja, basi, anakwenda kwenye kipande cha bara kilichozungukwa na maji jana tu, kwa hesabu ya mawe.

Bahari ndiyo inayotangulia machoni, na kwa mtu wa Singida chumvi yake si ajabu. Ziwa Singidani na Kindai, pale mjini Singida, nayo ni ya chumvi, kwa sababu maji huingia na hayana njia ya kutoka isipokuwa kupaa kwa jua. Jambo jipya ni mwendo. Ziwa hupungua kwa msimu, lakini bahari huondoka na kurudi kila siku. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku wake, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa kufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika kama mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, tofauti ikapungua. Upande wa mashariki wa Unguja, ambako mwamba wa matumbawe umeweka ukuta mbali na ufuo, bamvua likipwa bahari hujitenga, ikaacha uwanda wa kutembea kwa miguu hadi karibu na mawimbi yanapovunjika. Mgeni asiyejua hilo hulalamika kwamba amekuja kuogelea akakuta bahari haipo.

Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani hawalalamiki, kwa kuwa hapo ndipo kazi yao inapoanza. Kilimo cha mwani kilianzishwa huko mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mkulima hushuka pwani maji yakiwa yanatoka, amejifunga kanga kiunoni, amebeba vigingi vya miti, kamba na mafungu ya mbegu. Vigingi hupigwa mchangani kwa mistari, kamba huwambwa katikati yake, na kila baada ya shubiri hufungwa tawi dogo la mwani kwa kipande cha uzi. Baada ya wiki sita hivi tawi limekuwa kichaka, huvunwa, huanikwa, huuzwa kwa uzito wake mkavu. Mwisho wake ni ute unaoshikamanisha dawa ya meno, maziwa ya kopo na vipodozi katika nchi ambazo mkulima hatazifikia. Kazi yote hufanywa kwa saa chache kabla maji hayajarudi, mgongo umeinama, chumvi machoni. Pesa yake ni ndogo, nayo imepungua zaidi kwa kuwa aina ya mwani yenye bei nzuri haistahimili maji ya kina kifupi yanapopata joto. Hata hivyo pesa hiyo ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, ikajenga vyumba na kusomesha watoto. Mkulima wa alizeti wa Issuna, ambaye bei yake nayo hupangwa mbali naye, akisimama pale saa moja atamwelewa mwenzake huyo kuliko mtalii aliyelala kwenye kiti hatua 50 kutoka hapo.

Maji ya kunywa yanastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Upande wa mashariki wa Unguja hakuna mto wa maana. Mvua hupenya kwenye mawe ya matumbawe yenye vishimo, ikashuka mpaka inapokutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake, chini ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima kikichimbwa kwa kiasi hutoa maji mazuri miaka na miaka. Kikivutwa kwa pampu kubwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na ikishapanda haishuki kwa haraka. Bustani za hoteli, mabwawa ya kuogelea na ndoo za kijiji vyote hunywa kwenye tabaka hilo moja. Watu wa Ikungi wanajua kuamka alfajiri kufuata maji, na wanajua kisima kinachokauka mwezi wa tisa. Hapa watakuta uhaba wa namna nyingine, uliojificha chini ya nchi ya kijani. Pengine hakuna mgeni mwenye macho mazuri zaidi ya kuuona.

Sababu iliyo nzito kuliko zote ni historia, maana mji wa Unguja ulijengwa kwa jasho la bara. Sayyid Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, hadi kufikia 1840, na kutoka hapo misafara ilivuka kwenda Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na pori la siku nyingi lisilo na maji, wasafiri wakaliita Mgunda Mkali. Sehemu kubwa ya pori hilo leo imo Manyoni na Itigi, kusini tu ya Issuna. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walilipita mwaka 1857 wakiwa nyuma ya njia iliyokwishakanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kupita pale zilipimwa na kupakiwa Unguja, na nyingi zilivuka hadi Marekani, kwenye miji midogo ya Ivoryton na Deep River katika jimbo la Connecticut, zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano. Upande wa pili zilirudi shanga, nyaya na kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambacho hadi leo wazee wa bara wanakiita merikani. Nchi kavu ya kati, inayodhaniwa kuwa ilikaa pembeni ya mambo ya dunia, ilikuwa katikati yake.

Misafara ilibeba na watu pia. Soko la watumwa la Unguja, lililokuwa Mkunazini, lilifungwa kwa mkataba ambao Sultan Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya kushinikizwa na Waingereza. Juu ya uwanja huo Wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kubwa, ambalo ujenzi wake uliongozwa na Askofu Edward Steere. Nje ya kanisa kuna shimo lililojengewa kwa mawe, na ndani yake sanamu za watu wamesimama wamefungwa minyororo shingoni, nyuso zimetazama pande mbalimbali. Wageni wengi hupiga picha wakaondoka. Mtu kutoka mkoa ambao misafara ile ilipita kandokando yake ana haki ya kusimama pale kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu miongoni mwa waliouzwa walikuwemo watu wa bara ambao hakuna aliyeandika majina yao. Mtaa wa Shangani, mwendo mfupi kutoka hapo, ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeanza safari zake na babake kwenda Unyanyembe akiwa kijana, akafariki Unguja mwaka 1905. Nyumba na shimo vinapaswa kutazamwa siku moja. Kutazama kimoja bila kingine ni kusoma nusu ya ukurasa.

Steere huyo huyo alikuwa ametoa mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na hapo sababu nyingine inachomoza. Mtoto wa Issuna husikia Kinyaturu nyumbani, akakutana na Kiswahili cha kuandika darasani. Kiswahili hicho kilichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua lahaja ya mjini Unguja iwe msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 kamati ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kusimamia vitabu na kamusi. Lugha ya mitihani ya Issuna, basi, ni ya mitaa inayoweza kutembelewa. Anayetembea Darajani sokoni atasikia sarufi aliyoadhibiwa kwa kuikosea ikitiririka kwa muuza pweza bila jitihada yoyote. Akienda mbele zaidi, Makunduchi, Tumbatu au Pemba, atasikia lahaja ambazo hazikuchaguliwa, zenye utamu na ugumu wake, na ataelewa kwamba hata wenyeji wa visiwani walilazimika kujifunza usanifu darasani kama yeye. Aliyesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi akiwa kidato cha tano na sita atauona mji wa riwaya ile barazani na vichochoroni. Na aliyewahi kusoma wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert atakumbuka kwamba mwimbaji huyo alizaliwa Fumba, shamba, katika ufukara, kabla ya kuingia mjini na hatimaye kurekodi santuri zake Bombay mwaka 1928.

Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Milango yake ya kuchonga imesifiwa vya kutosha. Inafaa kutazama kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu kupita kiasi, vyumba vingi ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa ni urefu wa mti. Mtu aliyewahi kuingia kwenye tembe la zamani la Kinyaturu, lenye paa bapa la udongo juu ya miti, ataitambua akili hiyo ya kujenga kwa kile ambacho nchi inatoa. Chokaa inahitaji kupakwa tena na tena, la sivyo maji huingia ukutani. Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Ni huzuni ya kweli, na ni onyo kwa kila anayedhani kwamba jiwe hujitunza.

Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe, hutembelewa na wageni wachache, na pengine ndiko mtu wa bara angepaswa kuanzia. Huko waliishi wapagazi waliobaki, watumwa waliopewa uhuru, Wanyamwezi waliokuja kupalilia mikarafuu, Wamanyema, Wazaramo. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyosimamishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamesimama juu ya mitaa yao. Muungano umepita miaka 60 tangu Aprili 1964, na bado wapo watu wazima wengi wa nyanda za kati ambao hawajawahi kuvuka mkondo ule hata mara moja. Ni hasara kwa pande zote mbili, maana nchi moja huishi kwa watu wake kutembeleana.

Karafuu ziko zaidi Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na kutoka hapo kisiwa cha pili kikashika nafasi ya kwanza. Msimu wake ukifika, makuti na majamvi hutandazwa uwanjani na kandokando ya barabara, vikonyo huchambuliwa kwa vidole, karafuu mbichi za kijani na wekundu huachwa juani hadi zigeuke kahawia. Vikonyo navyo havitupwi, makonyo hupikwa yatoe mafuta. Harufu yake hukaa kwenye nguo siku kadhaa.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko zamani. Issuna hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Basi hupita Manyoni na Dodoma, na tangu Julai 2024 anayetaka anaweza kushukia Dodoma na kupanda treni ya SGR, akafika Dar kwa saa nne hivi. Boti ya mwendo kasi huondoka bandarini, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kuvuka kwa takriban saa mbili. Kitambulisho huulizwa. Malazi ya hoteli za ufukweni ni ghali na yamepangwa kwa mifuko ya wageni wa nje, lakini nyumba za wageni za mjini na vijijini zipo, na chakula cha Forodhani au cha mama lishe wa Mwanakwerekwe ni cha bei ya kawaida. Mavazi ya staha ni lazima mbele ya watu, na mwezi wa Ramadhani mchana hakuna kula hadharani, awe mgeni wa dini gani.

Majira nayo yana bahati njema. Mtama na alizeti vikishavunwa, mwezi wa sita na wa saba, mkulima wa Issuna hupata nafasi, na huo ndio wakati wa kipupwe kisiwani, kusi likivuma na joto limepungua. Mwezi wa saba huangukia Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe ya mwaka mpya wa jua unaofuata kalenda ya kale ya Uajemi. Wanaume wa pande mbili hutandikana kwa migomba hadi hasira za mwaka ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake hupita wakiimba, na kila nyumba hupenda iwe na mgeni siku hiyo. Anayefika bila mwenyeji hatakaa njaa.

Aliyekwishaiona Unguja ana visiwa vingine. Kilwa Kisiwani, kwa mtumbwi mfupi kutoka Kilwa Masoko, kuna Msikiti Mkuu na magofu ya mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, ulipokuwa umetajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, ni karibu zaidi na Singida kuliko vyote na hauhitaji kufika pwani kabisa. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huja kula karibu na Kilindoni. Miezi hiyo mkulima wa Issuna yuko shambani akiandaa, akipanda na kupalilia, kwa hiyo potwe amebaki kuwa sehemu ya walimu na wanafunzi, ambao likizo yao ya Desemba huangukia katikati ya msimu wake.